Habari ya Romeo na Juliet: Mapenzi Yaliyokatazwa

 

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mchezo mmoja wa kuigizwa. Tangu ulipochezwa mara ya kwanza katika nchi ya Uingereza imepita miaka zaidi ya 400, na hata hivi leo watu hawajachoka kuutazama. Jina lake ni Romeo na Juliet. Mtungaji wake ni William Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1564 katika mji wa Stratford-upon-Avon, akafa mwaka 1616. Wengi wenu mmekwisha kulisikia jina lake, maana michezo yake miwili ilifasiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere: ule wa Julius Caesar, uliotolewa mwaka 1963, na ule wa Mabepari wa Venisi, uliotolewa mwaka 1969.

Watu husema kwamba mchezo wa Romeo na Juliet ni habari ya vijana wawili waliopendana, wazazi wakawakataza, nao wakafa. Maneno hayo si ya uwongo, walakini hayakutimia. Mtu akiusoma mchezo wenyewe kwa makini ataona ajabu moja. Tangu mwanzo hata mwisho, hapana mzazi hata mmoja aliyeambiwa ya kuwa watoto hawa wanapendana, naye akajibu kwamba hataki. Hakuulizwa mtu. Katazo lenyewe halikutamkwa kamwe. Lilikuwa limekwisha kukaa katika nyumba zile mbili kabla ya vijana hao kuzaliwa, na kila mtu alilijua kama ajuavyo mlango wa nyumba yake. Basi na tutazame jinsi Shakespeare alivyolionyesha katazo hilo lisilotamkwa, na jinsi kunyamaza kulivyoua watu sita.

Kwanza tuseme kidogo juu ya asili yake. Shakespeare hakuizua hadithi hii. Ilisimuliwa kwanza na Waitalia. Luigi da Porto aliiandika yapata mwaka 1530, na Matteo Bandello akaiandika tena mwaka 1554. Kisha Mwingereza mmoja, Arthur Brooke, akaitungia shairi refu lililopigwa chapa mwaka 1562, na hilo ndilo alilolitumia Shakespeare alipotunga mchezo wake yapata mwaka 1595. Lakini aliyageuza mambo mawili makubwa. Katika shairi la Brooke mambo hayo yalichukua miezi kadhaa. Shakespeare aliyabana yakawa ya siku nne au tano tu. Tena katika shairi lile msichana alikuwa yapata miaka 16. Shakespeare alimfanya hajatimiza hata miaka 14.

Mtu asidhani kwamba ndivyo ilivyokuwa desturi ya Waingereza wa siku zile. Sheria yao ilimruhusu msichana wa miaka 12 kuolewa, lakini wanawake wengi waliolewa walipokwisha kupita miaka 20. Kwa hiyo watu waliokuja kutazama walijua kwamba huyu aliye mbele yao ni mtoto. Mtungaji alitaka walijue hilo, wapate kuona jinsi mzigo ulivyokuwa mzito na mabega yalivyokuwa madogo.

Siku zile michezo ilichezwa London wakati wa mchana, katika majumba ya mbao yaliyokuwa wazi juu. Aliyelipa peni moja alisimama uani, mbele ya jukwaa. Wanawake hawakucheza, hata Juliet alichezwa na mvulana. Na kabla mchezo haujaanza, mtu mmoja hutokea mbele ya watu akaeleza kisa chote kwa shairi la mistari 14: kwamba vijana wawili watakufa, na kwamba kifo chao ndicho kitakachomaliza uadui wa wazazi wao. Basi mtazamaji hangoji kujua kama watakufa. Angoja kuona ni mlango gani ungaliweza kufunguliwa, usifunguliwe.

Sasa tuingie katika kisa chenyewe. Katika mji wa Verona, nchi ya Italia, palikuwa na jamaa mbili kubwa zenye mali na heshima, Montague na Capulet. Jamaa hizi zilichukiana. Kwa sababu gani? Shakespeare hasemi. Mtawala wa mji asema tu kwamba fujo imezuka mara tatu kwa ajili ya neno jepesi lisilo na maana. Hapo pana maarifa makubwa. Kama mtungaji angalitaja sababu, kama ni shamba au damu au deni, sisi tungalianza kuamua nani ana haki. Kwa kuwa hakuitaja, twaona uadui ulivyo hasa: watoto waurithi kama warithivyo nyumba, wala hawaulizi ulijengwa na nani. Hata watumishi wa nyumba hizo hupigana njiani. Mchezo waanza asubuhi ya siku ya Jumapili kwa ugomvi wa watumishi, na mara wakubwa nao watoka na panga. Mtawala awatuliza kwa ukali, akatoa amri kwamba atakayevunja tena amani ya mji atauawa.

Usiku wa siku ile ile mzee Capulet afanya karamu. Romeo, mwana wa Montague, aingia humo na rafiki zake, nyuso zao zimefunikwa. Hakuja kwa ajili ya Juliet, maana hakumjua. Alikuja kumtazama msichana mwingine, aitwaye Rosaline, ambaye alikuwa akimlilia tangu asubuhi. Mara amwona Juliet, na Rosaline asahauliwa.

Namna walivyokutana yafaa kuangaliwa. Romeo amshika mkono, naye asema kama msafiri aliyefika mahali patakatifu. Juliet amjibu kwa mfano ule ule, kwa adabu na kwa akili. Sasa, mtu akiyaandika maneno ya Romeo na majibu ya Juliet kwa taratibu, aona kwamba wawili hao, pasipo kujua, wametunga pamoja shairi moja kamili la mistari 14, lenye vina vyake. Mmoja aanza, mwingine apokea. Wapenzi wa mashairi katika pwani yetu watafahamu upesi maana yake, kwa kuwa wamezoea kusikia malenga akitupa ubeti na mwenziwe akaudaka. Mtungaji hakusimama kutuambia kwamba vijana hawa wanafaana, bali alitusikilizisha kwa vina. Kisha kila mmoja alijua jina la mwenziwe kwa kumwuliza mtu mwingine, na furaha yao ikaingiwa na hofu saa ile ile.

Lakini katika karamu hiyo hiyo palitokea neno dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Kijana Tybalt, mpwa wa bibi Capulet, aliitambua sauti ya Romeo akataka kumpiga. Mzee Capulet alimzuia. Akasema kwamba Romeo ni kijana mwenye adabu, na mji wa Verona wamsifu, wala hataki avunjiwe heshima nyumbani mwake. Basi fikirini. Mkuu wa nyumba ya adui, usiku ule ule binti yake alipopenda, alikuwa akimsema vema kijana yule. Sisemi kwamba angalimkubali kuwa mkwe wake, huenda angalikasirika. Nasema tu kwamba hakuulizwa. Huko ndiko kunyamaza kwa kwanza.

Karamu ilipokwisha, Romeo aliruka ukuta akaingia bustanini, na Juliet akatokea dirishani. Hajui kwamba yuko mtu chini. Asema peke yake na kulilaumu jina la Montague. Hoja yake ni kwamba jina la ukoo ni vazi alilovikwa mtu na wazee wake, si mwili wake, na akilivua angali ni yeye yule. Ni hoja ya mtoto mwenye akili sana, nayo ni kweli. Lakini mchezo mzima waonyesha kwamba ukweli huo hautoshi, maana mji wote wamtazama mtu kwa vazi lile. Tena Juliet ndiye mwenye busara kupita Romeo usiku ule. Ndiye aonaye kwamba jambo hili limekuja upesi mno kama radi. Ndiye amwambiaye Romeo kwamba, kama nia yake ni njema, atume habari kesho ya mahali na saa ya kufunga ndoa. Hapa pendo si mchezo wa kificho kwake, bali ataka liwe la halali.

Asubuhi Romeo aenda kwa mtawa mmoja, Padre Laurence. Mtawa ashangaa, kwa kuwa jana kijana huyu alikuwa akimlilia Rosaline. Amwonya kwamba mwenye kukimbia hujikwaa. Sisi twasema, haraka haraka haina baraka. Lakini akubali kuwaoza siku ile ile, kwa kuwa atumaini ndoa hiyo itageuza chuki ya nyumba mbili kuwa upendo. Nia yake ilikuwa njema, lakini njia aliyoishika ilikuwa ya giza. Ni kama mtu aliyejenga daraja kati ya ng'ambo mbili usiku, asiwaambie wakaao huko kwamba daraja liko. Daraja namna hiyo halipitwi na mtu.

Kunyamaza kwa pili kulikuja baada ya arusi, pasipopita muda mwingi. Romeo atembea njiani siku ya Jumatatu mchana, ametoka kuoa, hapana ajuaye. Akutana na Tybalt, ambaye tangu karamu amekuwa akimtafuta, naye amtukana. Romeo hakujibu tusi, maana Tybalt sasa ni shemeji yake. Asema kwa upole kwamba anayo sababu ya kumpenda, lakini sababu yenyewe haitaji. Waliosimama karibu hawakufahamu kitu, walidhani ni woga tu. Rafiki yake Mercutio, aliye jamaa ya Mtawala, aliona haya kwa ajili yake akachomoa upanga badala yake. Romeo alijitia katikati kuwaamua, na Tybalt akamchoma Mercutio kwa kupitisha upanga chini ya mkono wa Romeo. Mercutio afa huku akizilaani nyumba zote mbili, naye hakuwa wa nyumba hii wala ile. Hapo Romeo asahau upole wake wote, akamwua Tybalt. Mtawala hakumwua Romeo, kwa kuwa Tybalt ndiye aliyeanza kumwua jamaa yake mwenyewe, lakini alimfukuza katika mji.

Tazameni jinsi neno moja lilivyokosekana. Kama Romeo angalisema, "Nimemwoa binti ya shangazi yako," hatujui yangalikuwaje. Yamkini Tybalt angalizidi kuwaka. Lakini Mercutio, rafiki yake, asingalidhani kwamba ni woga, wala asingalikufa kwa kosa la kutojua.

Sasa nafika mahali ambapo mimi naona ni moyo wa mchezo. Juliet alia usiku na mchana. Wazazi wake wadhani amlilia Tybalt, na kweli amlilia Romeo aliyefukuzwa. Baba yake, kwa kutaka kumfariji, aamua kumwoza upesi kwa kijana mmoja mtukufu aitwaye Paris. Kumbukeni kwamba siku ya kwanza Paris alipoleta posa, mzee Capulet alijibu kwa busara. Alisema mtoto angali mdogo, angoje miaka miwili, tena wasichana wanaofanywa mama mapema mno huharibika. Akamwambia Paris ajaribu kuupata moyo wa msichana mwenyewe, kwa sababu idhini ya baba ni sehemu tu ya jambo. Baba gani angalisema vizuri kuliko hivyo? Lakini usiku wa Jumatatu, katika msiba na machafuko, alimwahidi Paris kwamba arusi itakuwa Alhamisi, pasipo kumwuliza Juliet.

Asubuhi ya Jumanne mama ampasha habari. Juliet akataa kwa heshima, asema haraka hii yamshangaza, maana atakuwaje mke wa mtu ambaye hajaja hata kumposa kwake. Baba aingia, naye asikiapo kwamba binti yake amekataa, hasira yampanda. Amwambia kwamba ataburutwa hata kanisani. Amwambia kwamba asipokubali, na aende akaombe, afe na njaa njiani, yeye hatamtambua tena kuwa mtoto wake. Juliet apiga magoti amwombe ruhusa ya kusema neno moja. Baba akataa kulisikia.

Wasikilizaji, neno lile lilikuwa neno gani? Shakespeare hakutuandikia. Huenda lilikuwa ombi la kungoja, huenda lilikuwa siri yenyewe. Lakini hapo ndipo mahali pekee katika mchezo wote ambapo mtoto apiga magoti mbele ya baba na kuomba asikilizwe, na mlango wafungwa kwa kishindo. Baba huyu si mtu mbaya. Siku mbili zilizopita alikuwa na hekima. Ampenda mtoto wake, na aamini kwamba amemchagulia mume mwema. Kosa lake ni kwamba alidhani kumpenda mtoto na kumjua mtoto ni jambo moja.

Baba atokapo, Juliet amgeukia mama yake, amsihi aiahirishe arusi hiyo hata kwa mwezi mmoja au juma moja. Mama ajibu kwamba hana la kusema tena naye. Amgeukia mlezi wake, mwanamke aliyemnyonyesha na ajuaye siri yote, maana ndiye aliyepeleka habari kwa Romeo. Mlezi amshauri kwamba, kwa kuwa Romeo hayupo, aolewe tu na Paris, aliye mzuri kuliko Romeo. Kwa mlezi hilo ni shauri la kuokoa maisha, lakini Juliet asikia kwamba hata huyu hamfahamu. Tangu saa hiyo hamwambii mlezi siri yake tena. Basi katika muda mfupi tu msichana asiyetimiza miaka 14 amepoteza baba, mama na mlezi, nao wote wako hai nyumbani.

Abaki mmoja tu, yule mtawa. Naye angaliweza kufanya nini? Angaliweza kuvaa joho lake na kwenda kwa mzee Capulet, amwambie, "Binti yako ni mke wa mtu; mimi ndimi niliyewaoza." Lingalikuwa jambo la hatari kwake. Badala yake alimpa Juliet dawa ya usingizi, itakayomfanya aonekane kama maiti kwa muda wa saa 42. Watamweka katika chumba cha makaburi ya jamaa yake, na Romeo, akiisha kupata barua, atakuja kumchukua. Mtawa alificha siri ndani ya siri nyingine kubwa zaidi. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Juliet akubali kuinywa. Na hapa mtungaji ampa maneno ya peke yake ambayo ni makubwa sana. Yuko chumbani, arusi imeletwa mbele hata iwe kesho, Jumatano. Afikiri: labda dawa hii ni sumu, mtawa ataka kuificha aibu yake. Labda ataamka mapema, awe peke yake kati ya mifupa ya babu zake na maiti ya Tybalt, arukwe na akili. Aogopa sana. Kisha ainywa. Katika mchezo huu wanaume wana panga na makelele mengi, lakini hapana tendo la ushujaa lililo kama la mtoto huyu katika usiku ule.

Yaliyofuata yajulikana na wengi, nami nitayapita kwa ufupi. Mtawa aliyetumwa na barua alifungiwa ndani ya nyumba kwa sababu ya hofu ya tauni, barua haikufika. Mtumishi wa Romeo, asiyejua siri, alikimbia kumwambia kwamba Juliet amekufa. Romeo alinunua sumu kwa mwuza dawa maskini wa mji wa Mantua, akarudi Verona usiku. Kaburini alimkuta Paris aliyekuja na maua. Paris alidhani adui amekuja kuwadharau maiti, wakapigana, Paris akafa. Romeo akanywa sumu kando ya Juliet. Mtawa alifika amechelewa. Juliet akaamka. Mtawa aliposikia sauti za walinzi, aliogopa, akamwita Juliet wakimbie. Juliet hakutaka kutoka. Naye mtawa akakimbia, akamwacha peke yake pamoja na maiti. Juliet akajichoma kwa jambia la Romeo.

Kwa hiyo hata mtu mzima wa mwisho aliondoka. Naona hilo ni jambo zito kupita ile barua iliyopotea. Barua kupotea ni bahati mbaya. Lakini kumwacha mtoto kaburini si bahati, ni woga wa mtu.

Kisha mji wote waja. Mtawala, mzee Capulet na mkewe, na mzee Montague, ambaye mkewe amekufa usiku ule kwa huzuni ya mwanawe kufukuzwa. Mtawa, aliyekamatwa, sasa asimama na kuyasema yote, ndoa na dawa na barua, kwa maneno ya dakika chache tu. Mambo ambayo siku nyingi hayakuweza kusemwa, yamesemwa. Na mara wazee wale wawili wapeana mikono.

Hapo ndipo penye uchungu wote. Uadui ulioonekana kama mlima ulianguka pale watu walipoambiwa habari ya kweli. Ikiwa uliweza kuanguka mbele ya maiti, je, haukuweza hata kutikisika mapema, vijana walipokuwa hai? Mchezo haujibu, bali watuachia swali. Mzee Montague aahidi kumtengenezea Juliet sanamu ya dhahabu. Capulet naye asema Romeo atakuwa na sanamu iliyo sawa na hiyo. Hata katika suluhu hiyo twasikia bado wakishindana kidogo kwa mali. Na Mtawala hakujitoa katika lawama. Asema kwamba yeye naye aliufumbia macho ugomvi huo, naye amefiwa na jamaa wawili, Mercutio na Paris.

Wako waliosema kwamba kisa hiki ni onyo kwa watoto wasiowatii wazazi. Arthur Brooke alisema hivyo katika dibaji ya shairi lake, akawalaumu sana wapenzi hao kwa kuyadharau mashauri ya wazazi. Shakespeare aliiacha lawama hiyo. Lakini asidhani mtu kwamba aliwasifu vijana kwa kila jambo. Romeo aonyeshwa kuwa mwepesi kupita kiasi. Alimlilia mmoja asubuhi akampenda mwingine usiku. Aliua kwa hasira. Tena alinunua sumu pasipo kungoja kupata hata neno moja la mtawa. Mtungaji aligawa lawama: sehemu kwa vijana kwa haraka yao, na sehemu kubwa kwa wakubwa, kwa kuwa ndio waliokuwa na nguvu ya kufungua mlango.

Wengine kati yenu mwaijua hadithi ya Laila na Majnun, iliyotungwa kwa Kiajemi na Nizami mwaka 1188 kutokana na visa vya Waarabu. Huko baba wa kijana alikwenda akaposa, na baba wa Laila akakataa waziwazi. Hilo ni katazo lililotamkwa, na huzuni yake ni ya namna nyingine. Katika Verona hapakuwa na posa wala jibu. Ndiyo sababu mchezo huu umeweza kuhamishwa katika nchi nyingi. Mwaka 1957 huko Marekani ulifanywa upya kwa muziki na kucheza kwa jina la West Side Story, na jamaa mbili zikawa makundi mawili ya vijana wa New York. Majina yaligeuka, na mji uligeuka, lakini uadui wa kurithi ulikaa mahali pake. Mahali popote penye watu wasiooana kwa sababu ya jina, kabila, dini au fitina ya zamani ambayo mwanzo wake hakuna aukumbukaye, mchezo huu hauhitaji kufafanuliwa sana.

Nawaomba walimu na wanafunzi wafanye jambo moja. Ukipata kitabu cha mchezo huu, usianze na dirisha la Juliet, ambalo kila mtu analijua. Fungua sehemu ya tatu, tukio la tano. Gawaneni maneno, mmoja awe baba, mmoja mama, mmoja mlezi, mmoja Juliet, mkayasome kwa sauti. Mfikapo pale Juliet apigapo magoti na kuomba asikilizwe neno moja, nyamazeni kidogo. Kila mmoja wenu ajiulize neno lile lilikuwa nini, na kama baba angalilisikia, nani kati ya wale sita angaliishi.

Nanyi mlio wazazi, ambao huenda jioni hii mtoto wenu amekaa kimya kuliko desturi yake, hamna haja ya kungoja kitabu.